Hilux miezi 14: kwa nini mpishi wa shughuli nimerudi kwenye gari ndogo

Mimi ni mpishi wa shughuli, hapa hapa Ngamiani, Tanga. Harusi, akika, maulidi, hitima, vikao vya maofisini, kote napika. Gari kwangu ni kama mwiko, chombo cha kazi. Naandika haya kwa sababu tangu tuuze ile Hilux, kila ninayekutana naye ananiuliza, "Umeuza pikapu? Wewe?" kana kwamba nimeuza nyumba ya urithi. Basi maelezo ndiyo haya, msinisimamishe tena sokoni Mgandini nina fuko la vitunguu kichwani.

Nilianza na IST, gari ndogo ya Toyota, ile ya umbo la mwanzo, injini ya cc 1298. Nilikaa nayo miaka sita. Kisha baba watoto akapata wazo, na mwanaume akipata wazo la gari halali. Akasema kazi imekua, masufuria yamekuwa makubwa, mke wangu utabanana mpaka lini? Tukauza IST, tukatia na fedha yangu ya upatu, tukachukua Hilux Vigo dabo kebini ya mwaka 2009, dizeli ya cc 2494, gia za mkono, iliyotoka Thailand. Nyeupe, imeinuka, ina bampa la mbele la kutishia ng'ombe. Siku inaingia mtaani watoto waliikimbilia.

Nisiwe mchoyo, nianze na uzuri wake, na uzuri wake wa kwanza ni samaki. Alfajiri huwa nakwenda Deep Sea, kule wanakoshusha samaki, kuwahi vyombo vinavyotua. Zamani, kwenye IST, ndoo moja ya changu ilinipindukia nyuma pale nilipokata kona kwa pupa, maji yake yakaingia chini ya zulia. Nikapaka ndimu. Nikamwaga kahawa ya unga. Nikafukiza udi, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana harufu ya udi juu ya harufu ya samaki ni kitu cha tatu ambacho hakina jina. Miezi mitatu nilikuwa naendesha vioo vyote viko chini, mvua jua. Kwenye Hilux hiyo si habari: ndoo zinakaa bodini, ukirudi nyumbani unafungua mlango wa bodi, unapiga maji kwa mpira, kazi imekwisha. Vivyo hivyo mkaa, kuni, na mbuzi. Niliwahi kubeba mbuzi wawili wa akika ndani ya IST, sitaki kulizungumza.

Uzuri wa pili ni heshima. Walinzi wa Raskazone wanafungua geti kabla hujapiga honi. Haya, tuendelee.

Sasa mchuzi. Jumamosi moja tulikuwa na harusi huko huko Raskazone, biriani ya watu 200. Wali kwenye masufuria mawili, rojo kwenye moja, kifuniko nimekifunga kwa khanga mbili kama ninavyofunga siku zote. Kutoka kwangu hadi kule si safari, na njia ni lami. Lakini kuna matuta. Nyuma ya Hilux kumewekwa springi za majani, yale mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na zimetengenezwa kubeba mzigo wa karibu tani nzima. Ukiziwekea masufuria matatu, hazijui kama kuna kitu. Mimi nakanyaga tuta polepole kabisa, mbele panapita vizuri, nyuma panaruka kama punda aliyevuliwa shogi. Tuta la kwanza nikasikia kifuniko kinalia. La pili nikasikia mlio wa majimaji.

Nilipofungua bodi, rojo lilikuwa linatiririka kwenye ile mifereji ya sakafu, limejipanga mistari, nyekundu, na vipande vya vitunguu vya kukaanga vinaelea. Khanga zote mbili zimelowa mpaka maandishi hayasomeki. Na mama wa bibi harusi amesimama pale pale, mikono kiunoni. Nikamwambia ni maji ya kuoshea vyombo. Mungu anisamehe. Niliingia jikoni kwao nikaongeza nyanya na mtindi, nikalirudisha rojo kwenye kimo chake, watu wakala wakashukuru, lakini mimi ile shukrani haikunishuka kooni.

Jumatatu nikampelekea fundi, gereji ya huku Makorora. Nilidhani shokapu zimekufa. Akaibonyeza nyuma kwa mikono miwili, akapanda akaruka ruka juu ya bodi, akashuka anacheka. "Mama, gari halina ubaya. Lina njaa." Akanipa njia mbili: tupunguze jani moja kwenye springi, au niwe natembea na mifuko miwili mitatu ya mchanga bodini. La kwanza baba watoto alikataa katakata, siku tukibeba mzigo wa kweli je? La pili nikalijaribu wiki mbili. Kweli gari lilitulia. Lakini fikiria mwenyewe: mchanga umeshika nafasi ya masufuria, nami nanunua dizeli ya kuutembeza mchanga mjini.

Na wala hiyo nafasi si kubwa hivyo. Dabo kebini imechukua siti za watu watano, kwa hiyo bodi inabaki fupi. Nilipima kwa futi ya kamba ya jirani yangu fundi nguo, nikapata mita moja na nusu na vidole viwili. Meza zangu za kukunja ni za futi sita. Haziingii mpaka mlango wa bodi uwe wazi, kamba ya katani ipite juu, na kitambaa chekundu kining'inie nyuma ili wa bodaboda asije akaingia nazo kifuani. Gari lote lina urefu wa zaidi ya mita tano, huku IST haifiki hata nne, na bado meza zinabaki nje! Anayetaka pikapu ya mzigo achukue singo kebini, bodi ndefu, maneno yaishe.

Kigombe ndiko nilikoelewa kabisa. Masika, nakwenda kuchukua nazi. Barabara ya Pangani ilikuwa kwenye ujenzi wa lami, na sehemu nyingine tulikuwa tunapitishwa pembeni, kwenye udongo. Nilikwenda kifua mbele. Pikapu! Bajaji zimesimama, wenye gari ndogo wanajiuliza, mimi nikapita katikati yao, na hatua 30 mbele nikazama. Ndipo nikajua kwamba gari letu limeinuka sura tu. Linasukuma kwa tairi za nyuma peke yake. Wanaoijua Hilux ya namna hiyo ya Thailand wanacheka hapa. Bodi tupu, nyuma kwepesi, tairi zinazunguka zinachimba, kila nikikanyaga mafuta ndivyo ninavyojizika. Vijana wakasukuma, wakapakwa tope mpaka nyusi. Haikutoka.

Mzee mmoja aliyekuwa na mkokoteni wa nazi akasema tuache kusukuma, tupakie. Tupakie nini, mzee, gari lenyewe halitoki? Akarudia, pakieni. Nazi zake 300 na ushei zikatupwa bodini, vijana wanne wakapanda juu ya nazi, bodi ikashuka, tairi zikapata kitu cha kung'ata, na gari likatoka kwa gia ya kwanza bila kelele. Nilimlipa kwa zile nazi bei aliyotaka. Hata sikupatana naye, na mimi kupatana ndiyo damu yangu.

Mambo ya fedha niyapitishe haraka. Nina daftari la hesabu za mapishi na mafuta nayaandika humo humo. IST mjini ilikuwa inakwenda kilomita 13 hadi 14 kwa lita. Hilux 9, nikiwa mwepesi wa mguu 10. Oili ya IST galoni moja ya lita 4 inatosha na chenga inabaki. Ya Hilux ni karibu lita 7, kwa hiyo galoni mbili. IST ina cheni ya taimingi, ile inayopanga mwendo wa vyuma ndani ya injini, Hilux ile ina mkanda, na mkanda una siku zake za kubadilishwa, ukizembea injini inaweza kujiua. Nozeli zake, zile zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini, hazitaki dizeli chafu hata tone. Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wakitangaza bei za mafuta, na Tanga tuna bei yetu maana mafuta yanashuka bandarini kwetu, baba watoto alikuwa anasoma kimya halafu anaweka simu kifudifudi mezani. Hapo nilikuwa sina haja ya kuuliza.

Mama mkwe wangu anakaa Chumbageni na ana goti bovu. Kila mwezi nampeleka kliniki. Kwenye IST alikuwa anakaa kwanza, kisha anaingiza miguu. Kwenye Hilux tulilazimika kutembea na kigoda: nashuka, naweka kigoda, nashika kiwiko, yeye anashika mlango, buibui linanasa, tunaanza upya. Siku moja akiwa juu juu, mguu mmoja ndani mmoja hewani, akaniambia, "Mwanangu, hili gari au dau? Mbona mnanipandisha kama naenda Pemba?" Siku nyingine tulikisahau kigoda kliniki. Jinsi tulivyomshusha nyumbani ni siri yangu, yake na ya kijana wa dukani.

Na ukishakuwa na pikapu, ujue si yako peke yako. Turubai la msiba, viti vya maulidi, kabati la binti wa jirani anayehamia Kange. Msiba haukataliwi, na mimi sikukataa hata mmoja. Lakini wako waliokuja na friji Jumapili saa moja asubuhi, tena wananiambia "dakika tano tu, shangazi". Namba zetu za njano, za gari binafsi. Huwezi kutoza nauli ukajiita mfanyabiashara, na kusema nipe ya mafuta unaona haya. Kwa miezi 14 nimehamisha watu saba. Nimewaandika kwenye daftari.

Tukaiuza. Baba watoto alinuna siku tatu, ya nne akauliza tunanunua nini.

Tumenunua Probox, gari ndogo ya mizigo ya Toyota, ya cc 1496. Sura ya sanduku, hilo sibishi. Binti yangu anaomba nimshushe mbali na geti la shule. Siti ngumu, plastiki ndani zinalia kwenye vumbi, na ukipita Pongwe nyuma ya malori huongei na mtu ukasikiwa. Lakini Wajapani waliitengeneza kwa wenye maduka: mkiwa wawili inabeba kilo 400, ukilaza siti za nyuma sakafu inakuwa bapa, na meza zangu za futi sita zinaingia mpaka kati ya siti za mbele na mlango unafungwa. Nyuma kuna springi za kuzungusha, si za majani. Rojo nimelipitisha kwenye matuta yale yale ya Raskazone na khanga imefika kavu. Kwa ajili ya samaki nilikwenda kwa fundi bati akanitengenezea sinia kubwa lenye kingo za shibiri moja, linakaa nyuma kama limezaliwa nalo. Maji yakimwagika yanaishia humo. Mama mkwe anakaa kwanza, anaingiza miguu.

Shughuli ikizidi watu 300 naita kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo cha kukodi. Yule kijana ananitoza 25,000 kwenda Raskazone na kurudi, anapakia mwenyewe, na gari likiharibika ni lake. Mwezi wenye harusi nyingi namwita mara tatu, nne. Nimepiga hesabu mara mbili, bado ni chini ya nilichokuwa nazidisha kwenye dizeli na oili peke yake, sijagusa matairi.

Wenye kazi ya kila siku ya mbao, saruji, machungwa ya Muheza, nyinyi sisemi nanyi, pikapu ni yenu. Niliiona ile yetu wiki iliyopita, pale Kange. Aliyeinunua ana kazi ya ujenzi, kaijaza matofali hadi bodi imekaa chini. Ikalikanyaga tuta mbele yangu, ikapanda, ikashuka, taratibu, haikutikisa hata tofali moja. Nikampigia honi dereva nimsalimie. Akatazama kulia, akatazama kushoto, hakudhani kama ni hili sanduku jeupe.