Uzoefu wangu: miezi sita katika darasa la presha la mtaani kwetu, Unguja

Nilijiunga na darasa hili baada ya kupimwa presha na kukutwa na 158 kwa 96, ilhali sikuwa nikijisikia mgonjwa wa kitu chochote. Mchango ni shilingi 2,000 kwa wiki, na sijapata kuona mafunzo ya moyo yanayokijua chungu chetu namna hii. Karatasi niliyopewa zamani ilinihimiza kula brokoli na mafuta ya zeituni, vitu ambavyo hata ukivipata sokoni Darajani, bei yake yenyewe inapandisha presha.

Siku ya kwanza mwalimu hakuhutubu. Alimtaka mmoja wetu amwage chumvi kwenye sahani kwa kadiri anayoitia katika mchuzi wa watu sita, kisha akaipima kwa kijiko cha chai mbele yetu, ikafika vijiko vinne, yaani zaidi ya nusu kijiko kwa kila mtu katika mchuzi mmoja tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, ambazo ni kama kijiko kimoja tu, na hapo hatujahesabu ng'onda, achari, mkate wala vile vidonge vya supu ambavyo mimi nilidhani ni viungo. Nazi hakuikataza, na kwa hilo alitupata: mchicha na maharage tupikie tui la pili, kasimile, lile tui zito la kwanza, tuiweke ya Ijumaa, na pengo la chumvi tulizibe kwa ndimu, thomu na pilipili. Wanangu walinuna wiki mbili, ya tatu wakaacha kuuliza.

Matembezi ni baada ya swala ya alfajiri, dakika 30 kila siku, siku tano kwa wiki. Mwanamke akitembea peke yake huulizwa anakwenda wapi, lakini tukiwa kumi na watano ndani ya kanga za sare hakuna anayeuliza. Mwezi wa Shaaban tulipata kipindi cha kujiandaa na Ramadhani, ambapo kila anayetumia dawa alitakiwa kumwona daktari kabla ya kufunga ili apangiwe saa za kumeza, na kaimati zikajadiliwa kwa uchungu mkubwa.

Sasa nasoma 138 kwa 86, huku nikiendelea na kidonge changu kilekile cha presha, kwa hiyo sifa zote sizipeleki kwenye matembezi.

Kasoro zipo. Kitambaa cha kipimo kilikuwa kimoja, kidogo, na kwa wenye mikono minene kama mimi kitambaa kinachobana hutoa namba kubwa kuliko hali halisi. Tulilalamika miezi miwili ndipo kikaletwa kipana. Kubwa zaidi, darasa huwekwa baada ya alasiri, saa ambayo wanaume wako barazani na bao na kahawa yao, na hakuna aliyefikiria kuupeleka huo mkoba wa vipimo hukohuko barazani. Mume wangu hajui presha yake mpaka leo.