Uchambuzi: Jenereta ya Koili "Inayojiendesha", Baada ya Wiki Tatu Mezani

Assalaam aleikum, watazamaji wangu. Ninazungumza nanyi kutoka Langoni, hapa Lamu, na kilicho mbele yangu ni seti ya jenereta ya koili, yaani ya nyaya zilizozungushwa, ambayo muuzaji wake aliinadi mtandaoni kwa ahadi nzito: kwamba ukilisukuma gurudumu lake mara moja kwa kidole, mtambo utajiendesha, utaichaji betri yake wenyewe, na bado utabakiza umeme wa kuwasha taa za nyumba. Baadhi yenu mmeniuliza kama inafaa kununuliwa badala ya paneli ya sola, na mmoja wenu, mvuvi wa Shela, amekwisha kuweka akiba kwa ajili hiyo. Ndiyo maana nimeipima wiki tatu kabla ya kusema neno.

Sandukuni mna gurudumu la plastiki lenye sumaku sita, zote zikiwa zimeelekeza ncha ya kaskazini nje, koili kubwa ya nyaya mbili za shaba zilizozungushwa pamoja, transista ya aina ya 2N3055 (swichi inayofunguliwa kwa umeme mdogo), rizista (kipande kinachopunguza mkondo), dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), taa ndogo ya neoni, na koili ya pili ambayo muuzaji anaiita koili ya kuvuna. Mafundi wanaofuatilia majaribio haya wataitambua mara moja. Hii ni mota ya mipigo ya aina iliyoenezwa na Mmarekani John Bedini, na kama mota ya kujifunzia imetengenezwa vizuri: shaba imezungushwa kwa usawa, beringi ni laini, na nilihitaji kulehemu upya mahali pamoja tu.

Tazameni inavyofanya kazi. Sumaku inapopita juu ya koili, waya mmojawapo unazalisha umeme mdogo unaoifungua transista, na transista inauruhusu mkondo wa betri kupita kwenye waya wa pili, hivyo koili inageuka sumaku na kulisukuma gurudumu. Transista inapojifunga, nguvu ya sumaku ndani ya koili inaanguka ghafla na kuzaa mpigo wa volti nyingi, ambao dayodi inaupeleka kwenye betri ya pili. Mpigo huo ni mkali kweli. Nikiitoa betri ya pili, taa ya neoni inawaka, taa ambayo betri ya volti 12 peke yake haiwezi kamwe kuiwasha. Tafadhali msiguse nyaya hizo kwa vidole, na msiiondoe taa hiyo ya neoni, kwa sababu ndiyo inayoilinda transista isiungue.

Sasa nitaunganisha balbu ndogo kwenye koili ya kuvuna. Balbu imewaka, lakini sikilizeni gurudumu: mvumo umeshuka. Nikiikata balbu, mwendo unapanda tena. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayosogea karibu na koili huzalisha umeme, na miaka mitatu baadaye mwanafizikia Heinrich Lenz akaeleza kwamba umeme huo daima hupinga mwendo ule ule uliouzalisha. Mwenye mashua anaijua hali hii bila kitabu, kwani akiteremsha nyavu na kuzivuta, chombo kinapunguza mwendo. Kila wati unayovuna kwenye koili ya pili imelipiwa na gurudumu, na gurudumu limelipiwa na betri, huku sehemu nyingine ikipotea njiani kama joto la shaba, joto la transista na msuguano wa hewa.

Kwa nini basi watu waaminifu, wenye bidii na mita ya kupimia umeme mkononi, huamini kwamba wamepata umeme wa ziada? Hapa ningependa tukae kidogo, kwa maana sidhani kwamba wote ni matapeli. Mita ya kawaida imetengenezwa kwa umeme uliotulia au kwa wimbi laini la umeme wa nyumbani, na ikipewa mipigo mikali inaweza kutoa namba isiyo ya kweli kabisa. Mtu akichukua volti za kilele cha mpigo na kuzizidisha kwa mkondo uliopita wakati mwingine, atapata wati ambazo hazikuwahi kuwapo. Betri nayo hudanganya: betri ya madini ya risasi, kama ya gari, iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti za juu, kisha zikashuka baada ya kupumzika saa kadhaa.

Kwa hiyo niliacha volti, nikahesabu saa. Nilichukua betri mbili za volti 12, za ampea-saa 7 (kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi) kila moja. Ya kwanza, ikiwa imejaa, niliiunganisha moja kwa moja na balbu ya wati 5, na ikaiwasha kwa takriban saa 13 mpaka volti zikafika 11. Nikaichaji tena, safari hii ikaendesha mtambo mpaka kiwango kile kile huku ikiichaji ya pili iliyokuwa tupu. Betri hiyo ya pili, baada ya kulala usiku mzima, iliwasha balbu ile ile kwa muda usiofika saa 5. Nilirudia jaribio mara tatu, na jibu halikubadilika sana. Nilipojaribu kuirudisha koili ya kuvuna kwenye betri ya kwanza, kama karatasi ya maelekezo inavyosema, kisha nikaikata betri, gurudumu lilisimama ndani ya dakika moja.

Akademi ya Sayansi ya Paris iliacha kupokea maombi ya mashine za kujiendesha tangu mwaka 1775, kwa kuwa zilikuwa zimefilisi familia nyingi. Ndugu yangu wa Shela, fedha zako zipeleke kwenye paneli na betri nzuri. Mwalimu wa fizikia anayetaka wanafunzi wake wamsikie Lenz kwa masikio yao, yeye ninamshauri ainunue, mradi kwanza aitupe ile karatasi ya maelekezo.