Nyoka wa nyumbani au kifutu?

Juzi usiku, kwenye mawe nyuma ya jiko letu hapa Igogo, tulimkuta nyoka wa kahawia. Jirani akashika panga: "Kifutu huyo, mama!"

Sivyo. Kifutu ni mnene, mkia mfupi, magamba yanakwaruza bila kung'aa, mgongoni alama za V zimefuatana. Ukimsogelea, hujijaza pumzi na kufoka. Sumu yake huozesha nyama.

Wetu alikuwa nyoka wa nyumbani: mwembamba, anang'aa kama aliyepakwa mafuta. Kila upande wa kichwa ana mistari miwili ya rangi ya maziwa, mmoja ukitokea puani kupitia jichoni. Hana sumu, panya huwanyonga kwa kujiviringisha. Kwa kweli nilimwonea huruma.

Mmulike kwa mbali. Usipoiona mistari hiyo, mchukulie kuwa kifutu, uwaondoe watoto.