Mashine ya Msasa: ya Mkanda au ya Duara?
Seremala wa Kibuye, Kisumu, anayenunua mashine yake ya kwanza ya kupiga msasa huchagua kati ya ya mkanda na ya duara. Ya mkanda, ambayo msasa wake ni mkanda unaozunguka, hula mbao upesi, hivyo yaufaa ubao wa saiprasi uliotoka kwenye msumeno ukiwa bado na mabonde. Lakini ukiituliza mahali pamoja kwa sekunde chache tu, itachimba shimo ambalo vanishi haitalificha. Pia skrubu yake ya pembeni hurekebishwa kila mkanda unapohama.

Ya duara, ambayo kitako chake huzunguka huku kikiyumba, ni ya polepole, ila mikwaruzo yake haionekani kwa urahisi. Mimi ningeanza na hiyo: msasa namba 80, kisha 120, kisha 180 (namba ikipanda, msasa huwa laini zaidi), nikipangusa vumbi kila ninapobadilisha, na kuumwaga mfuko wake kabla haujajaa.