Vipimo vya DNA vya asili: kipi kinamfaa mtu wa pwani

Malalamiko yanayonifikia ni yale yale. Mtu kalipa, katema mate kwenye kichupa, kangoja wiki kadhaa, kisha analetewa ramani yenye doa kubwa Afrika Mashariki lisilomwambia lolote, na kijisehemu cha Uajemi au Uarabuni kinachogombanisha nyumba nzima. Msomaji mmoja ananiambia kaka yake, aliyejiita Mshirazi, yaani mtu wa asili ya Uajemi, maisha yake yote, ameapa kwamba maabara ilichanganya vichupa.

Haikuchanganya. Kabla hujauliza bei, uliza jambo ambalo matangazo hayaligusi: mnanilinganisha na nani? Hakuna kabila lililoandikwa kwenye damu. Kampuni inatazama DNA yako inafanana na ya nani kati ya watu ilio nao, na sisi humo ni wachache mno. Katika 1000 Genomes, mradi wa kusoma DNA ya watu wa sehemu mbalimbali za dunia, ambao sampuli zake ni za wazi na zimetumiwa na watafiti dunia nzima, Afrika Mashariki iliwakilishwa na Waluhya wa Webuye, magharibi mwa Kenya, peke yao. Sina ugomvi na Waluhya. Lakini Mdigo, Mngazija na Mpemba wote wapimwe kwa Webuye? Webuye kuna bahari gani?

Ndiyo maana mimi ni wa FamilyTreeDNA, kampuni ya Houston, Marekani, na sifichi. Wao wanauza kipimo cha ukoo wa baba peke yake na cha ukoo wa mama peke yake, na kwa mtu wa pwani hapo ndipo penye habari. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao wamezikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Kwa wengi wa hao wa pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika na ilipitia hasa kwa mama. Ile ya Asia ililetwa zaidi na wanaume wa Kiajemi, na mchanganyiko ulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Uarabuni ukazidi baada ya 1500. Kwa hiyo Mshirazi wetu huenda hakudanganywa na babu yake. Ila hakuna aliyemsimulia habari za bibi. Ramani ya asilimia inawakoroga wote wawili kwenye chungu kimoja.

Wanawake wenzangu, kromosomu Y, ile ambayo mwana wa kiume huirithi kwa baba yake, hatuna. Ukitaka ukoo wa baba, mbembeleze baba, kaka au ami. FamilyTreeDNA wanatumia kijiti cha kusugua ndani ya shavu, na mzee mwenye kinywa kikavu atakushukuru. Ndiyo, mwaka 2019 ilijulikana kwamba waliiruhusu FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, kupekua hifadhi yao. Ruhusa hiyo unaweza kuizima. Izime.

Ya pili ni AncestryDNA, kwa sababu moja tu: ina watu zaidi ya milioni 25, kwa hiyo binamu aliyepotelea Marekani utampata humo kwa urahisi zaidi. Kipimo cha ukoo wa baba peke yake au cha ukoo wa mama peke yake hawauzi. Asilimia zao nazo hubadilika kila wanapopanga upya hesabu, basi usiitangaze harusini ile nne yako ya Uajemi.

23andMe ningeiweka juu zaidi, maana ukiwa mwanamume inakuonjesha koo zote mbili kwenye kisanduku kimoja. Lakini mwaka 2023 taarifa za watu karibu milioni 6.9 ziliibwa, na Machi 2025 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika. Mmoja wa waanzilishi wake, Anne Wojcicki, ndiye aliyeinunua kupitia taasisi yake. Mali iliyopigiwa bei ni mate ya watu.

African Ancestry si yetu. Mmarekani Mweusi ambaye utumwa ulimnyang'anya hadi jina la kijiji, kuambiwa asili yake ni kabila fulani la Sierra Leone kunambadilisha; mwigizaji Isaiah Washington alipewa uraia wa nchi hiyo mwaka 2010 baada ya kipimo cha DNA. Wewe unayejua bibi yako kazikwa wapi Pangani, hela hiyo ina kazi nyingine.

MyHeritage ni rahisi, hasa wakati wa ofa. Ya kujifurahisha.

Sasa hawa mawakala wa mitandaoni. Kisanduku ambacho mwisho wa Novemba huuzwa nusu bei huko Marekani, wao wanakuuzia maradufu, eti ushuru, na kumbe kimekuja ndani ya begi la mtu. Hilo ningelivumilia. Wasilolisema ni kwamba wengine hukisajili kwa barua pepe yao wenyewe, wakidai wanakurahisishia. Majibu yakitoka, akaunti ni yao. Jamaa zako, ukoo wako na siri ya nani mtoto wa nani vinasomwa kwanza na muuza viatu. Ukimuuliza neno la siri, anakwambia subiri. Kisanduku kiwe kimefungwa, nambari yake haijasajiliwa, ukisajili mwenyewe kwa barua pepe yako. Akianza kujiumauma, mwachie.