Askari darasani au mazoezi jioni?

Mwanafunzi akikutwa na sigara au pombe, ubishi huanza upya: aletwe mtu wa kuwapa somo, au watafutiwe la kufanya?

Kwa gharama, somo linashinda. Programu ya DARE, ya kuwaepusha wanafunzi na dawa za kulevya, ilianza Los Angeles, Marekani, mwaka 1983: askari anaingia darasani, anafundisha, anaondoka. Hata shule isiyo na uwanja inaimudu.

Kwa matokeo, kibao kinageuka. Tafiti nyingi za DARE ya awali zilikuta tofauti ndogo mno ya utumiaji wa dawa kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa. Iceland ilipita kwingine: ruzuku za michezo na muziki, na amri ya watoto kurudi nyumbani mapema usiku. Mwaka 1998, asilimia 42 ya wenye miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa ndani ya siku 30 zilizopita. Mwaka 2016, asilimia 5. (Amri pekee isingetosha, nadhani, wazazi wenyewe walizunguka mitaani usiku.)

Ila kuiendesha njia ya Iceland ni mzigo: makocha, viwanja, dodoso kwa wanafunzi, mwaka hadi mwaka. Mji wenye bajeti na wazazi wenye nafasi jioni uifuate Iceland. Mnakorudi kutoka kazini saa tatu usiku na uwanja hakuna, anzeni na somo, lakini afundishe mwalimu atakayekuwepo kesho yake.