Wish You Were Here ya Pink Floyd: isikilize ukijua kisa chake

Hii albamu ya 1975 ya Pink Floyd, bendi ya rock ya Uingereza, hata usipojua imetokana na nini utaipenda tu, ila ukishajua habari za Syd Barrett inakuwa kitu kingine kabisa. Syd ndo alikuwa kichwa cha bendi mwanzoni, mtunzi na mwimbaji, baadaye akili ikaanza kuyumba, 1968 akawa nje. Sasa miaka imepita, wenzake wako studio za Abbey Road kule London wanashughulikia Shine On You Crazy Diamond, wimbo unaomhusu yeye, mara kaingia jamaa mnene kanyoa kichwa mpaka nyusi, wanajiuliza huyu nani, kumbe ndo Syd mwenyewe! Mi hicho kisa sijakizoea mpaka leo.

Huo wimbo una vipande tisa, wameukata, nusu inafungua albamu nusu inaifunga, na zile noti nne za gitaa la David Gilmour zinavyoingia taratibu, aisee. Have a Cigar kaimba Roy Harper ambaye wala si mwanabendi, humo wanawasuta mabosi wa muziki wanaodhani Pink ni mtu mmoja humo kwenye bendi. Welcome to the Machine ndo siipendi sana, kinanda cha umeme kimezidi.

Kava nalo, wawili wanapeana mikono mmoja anawaka, na ule moto ni wa kweli, walimwasha mtu wa stanti, wale wa kufanya vitendo vya hatari kwenye filamu! Ukinunua chukua santuri, kwenye simu hiyo picha huioni vizuri. Nyota nne na nusu.